Mishale Miwili na Chungu cha Majani

Mwaka 1814, jijini London, punda jike alitiwa begani sumu nyeusi iliyotoka misitu ya Guyana, na baada ya dakika kumi hivi alikuwa chini, mwili umelegea, pumzi imekatika. Mwenye sumu alikuwa Charles Waterton, mmiliki wa mashamba wa Yorkshire aliyekuwa na kichaa cha safari na wanyama. Yeye na madaktari waliokuwepo walimtoboa punda koo la hewa, wakaingiza mdomo wa mivukuto, wakaanza kumpulizia mapafu. Baada ya saa mbili akainua kichwa, akatazama huku na huku. Wakaacha kupuliza, akazama tena. Wakashika mivukuto kwa saa mbili nyingine, na safari hiyo akapona. Wakampa jina la Wouralia, kutokana na jina la sumu yenyewe, akapelekwa Yorkshire kwa Waterton kula majani bila kufanyishwa kazi mpaka alipokufa mwaka 1839.

Punda mwingine hakuwa na bahati hiyo. Huyo alitiwa sumu mguuni, lakini juu ya kidonda palifungwa kitambaa kikakazwa sana. Kwa saa nzima alitembea bila dalili yoyote. Kitambaa kikafunguliwa, na dakika kumi zikamtosha.

Ukiziweka habari hizo mbili pamoja unapata somo zima la awali la misuli. Sumu ilihitaji kubebwa na damu, ndiyo maana kitambaa kiliizuia. Haikuua moyo, maana moyo wa Wouralia uliendelea kudunda muda wote wa mivukuto. Haikuua ubongo, maana aliamka na akili zake. Ilichokata ni amri. Misuli ya mbavu na kiwambo, ile inayovuta hewa ndani, ilikuwa mizima kabisa. Haikusikia tu.

Wamakushi wa Guyana, ambao Waterton aliipata sumu hiyo kwao, hawakuhitaji mivukuto kuyajua hayo. Walijua kwamba mnyama aliyechomwa mshale wenye sumu hiyo hulegea akabanduka tawini badala ya kufia juu mtini, na kwamba nyama yake inaliwa bila wasiwasi kwa sababu sumu hiyo haipenyi kirahisi kwenye utumbo. Nalisema hili mapema kwa kuwa vitabu vya fiziolojia hupenda kuanzia maabara. Kwa maoni yangu maabara ilikuja nyuma. Waliotenganisha aina za misuli kwa vitendo, kabla ya hadubini na umeme, walikuwa wawindaji na wakunga, na majina yao hayakuandikwa popote.

Mwili una misuli ya aina tatu. Kuna misuli ya mifupa, zaidi ya 600, ambayo kwa mtu mzima hukaribia asilimia 40 ya uzito wake. Hiyo ndiyo steki inayoning'inia kwenye ndoano buchani. Kuna msuli wa moyo, ambao una mahali pamoja tu pa kazi. Halafu kuna misuli laini, iliyozunguka utumbo, mishipa ya damu, njia za hewa, kibofu na mji wa mimba, hata mboni ya jicho. Kuvuta, yote huvuta kwa namna inayokaribiana, na yote huanza kuvuta pale kalsiamu inapoongezeka ndani ya seli. Tofauti yenyewe hasa ni nani anayetoa amri. Msuli wa mfupa haujikazi bila neva. Moyo hujiamuru. Msuli laini una mabwana wengi: neva, homoni, gesi, hata kule kutanuliwa tu. Kwa hiyo sumu inayonyamazisha aina moja inaweza kuiacha nyingine ikiendelea na shughuli zake, na hapo ndipo mtu makini anapopata la kujifunza.

Katika miaka ya 1850 huko Paris, Claude Bernard aliirudia habari ya kitambaa, sasa kwa chura. Alifunga mishipa ya damu ya mguu mmoja wa nyuma lakini neva yake akaiacha huru, kisha akamtia chura sumu ile ile, ambayo Wazungu walikuwa wakiiita kurare. Sumu ikaenea mwili mzima isipokuwa kwenye mguu uliofungwa. Bernard akafinya ngozi ya sehemu yenye sumu. Sehemu hiyo haikutikisika, lakini mguu uliofungwa uliruka. Maana yake chura alihisi maumivu, na uti wa mgongo ukatoa amri. Tena amri hiyo ilipita kwenye neva iliyokuwa imezungukwa na sumu kiunoni na bado ikafika. Akagusa kwa umeme neva ya mguu wenye sumu: kimya. Akagusa msuli wenyewe: ukajikaza barabara. Neva hai, msuli hai, na havisikilizani. Bernard mwenyewe alielekea kuamini kwamba neva za mwendo ndizo zilizokufa. Baadaye Mfaransa mwenzake, Alfred Vulpian, akaonyesha mahali penyewe, pale neva inapokutana na msuli.

Mahali hapo pana pengo. Ni jembamba mno, kiasi cha sehemu 50 kati ya milioni za milimita, lakini linatosha kuuzuia umeme wa neva usivuke. Ncha ya neva imejaa vifuko vidogo, na kila kifuko kina maelfu ya molekuli za asetilikolini. Umeme unapofika nchani, kalsiamu huingia, vifuko hupasukia nje, na asetilikolini huvuka pengo na kutua kwenye vipokezi vya msuli. Henry Dale na wenzake walionyesha mwaka 1936 kwamba kemikali hiyo ndiyo mjumbe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Paul Fatt na Bernard Katz, wakiwa London, waliingiza sindano nyembamba za umeme mahali hapo na kukuta kitu ambacho hawakukitafuta: hata msuli ukiwa umepumzika, kulikuwa na mitikisiko midogo ya umeme, yote ikikaribiana kwa ukubwa, ikija bila mpangilio. Kila mmoja ulikuwa kifuko kimoja kilichomwagika chenyewe. Kumbe neva haiongezi sauti kidogo kidogo, inahesabu vifuko. Katz, aliyekuwa amewakimbia Wanazi kutoka Leipzig, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1970.

Kipokezi kikishikwa na asetilikolini hufunguka, sodiamu humiminika ndani, na upande wa ndani wa seli, ambao ukiwa umepumzika huwa na milivolti 90 hivi chini ya sifuri, hugeuka ghafla kuwa chanya. Wimbi hilo hutembea msuli mzima. Wakati huo huo kimeng'enya kilichokaa pengoni kinaikata asetilikolini vipande, kazi ya milisekunde moja hivi, ili amri inayofuata ikute uwanja mweupe. Kurare hukaa juu ya kipokezi bila kukifungua. Haichomi wala haiharibu chochote. Inakalia kiti cha mwenyewe, basi. Baadhi ya sumu za fira na koboko hufanya hivyo hivyo, na aliyeumwa huanza kwa kope kushindwa kunyanyuka, halafu ulimi, halafu shingo, na mwisho kiwambo. Akifika hospitali yenye mashine ya kupumulia, anayo nafasi ile ile aliyokuwa nayo Wouralia.

Tarehe 23 Januari 1942, mjini Montreal, Harold Griffith na Enid Johnson walimpa kurare mgonjwa wa upasuaji ili misuli ya tumbo ilegee. Dawa za namna hiyo sasa ziko karibu kila chumba cha upasuaji, pamoja na zile za usingizi. Lakini miaka ile baadhi ya madaktari walidhani kurare nayo inaleta usingizi, maana mgonjwa alikuwa hasogei wala halalamiki. Hiyo ni dhana ya kutisha, ukifikiri. Daktari wa Marekani, Scott Smith, akaamua ipimwe kwa mwili wake mwenyewe. Kwa mujibu wa ripoti iliyochapishwa mwaka 1947, alidungwa dozi kubwa kuliko ya kawaida bila dawa yoyote ya usingizi, wenzake wakimpumulisha. Aliulizwa maswali na kujibu kwa kusogeza msuli wowote uliokuwa bado unasikia, mpaka hakukuwa na hata mmoja. Nguvu zilipomrudia akaeleza yote yaliyosemwa na kufanywa chumbani. Alisikia kila neno na kila mguso. Kuanzia hapo hapakuwa na wa kubisha: kulegea ni jambo moja, kulala ni jambo jingine.

Kinyume cha kurare kilitoka Afrika. Kule Calabar, ambako sasa ni Nigeria, watuhumiwa wa uchawi walilishwa mbegu za mmea fulani wa jamii ya kunde. Aliyetapika akapona alihesabiwa hana hatia. Thomas Fraser wa Edinburgh alizichunguza mbegu hizo tangu 1862, na dawa iliyotokana nazo, fisostigmini, humfunga mikono yule kimeng'enya wa pengoni. Asetilikolini ikikosa wa kuikata hurundikana, na sauti ya neva hupanda. Kiasi kidogo kinaokoa, kingi kinaua.

Mwaka 1934 Mary Walker, daktari katika hospitali moja ya Greenwich, alikuwa na mgonjwa mwenye maradhi yanayochosha misuli kiasi kwamba kope hushuka na kutafuna kunakuwa kazi. Aliona kwamba mgonjwa huyo anafanana mno na mtu aliyetiwa kurare, na fisostigmini ilikuwa inajulikana kuwa dawa ya kurare. Akamdunga. Kope zikapanda, mikono ikapata nguvu, kumeza kukawa rahisi, kwa saa chache, kisha hali ikarudi. Watu wengi hawakumwamini mwanzoni. Siku hizi tunajua kwamba katika maradhi hayo kingamwili za mtu mwenyewe hushambulia vipokezi vyake. Ndugu yake fisostigmini, neostigmini, ndiyo ambayo madaktari wa usingizi huitumia kumrudishia mgonjwa nguvu za kupumua upasuaji ukiisha. Na binamu zao wabaya ni baadhi ya dawa za kuulia wadudu shambani, zile za kundi la organofosfati. Mpulizaji asiyejikinga anayeanza kutokwa mate na machozi, mboni zimekuwa ndogo na misuli inatetema chini ya ngozi, amezidiwa na asetilikolini yake mwenyewe. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali.

Amri ikishafika, msuli unavutaje? Jibu lilitoka katika toleo moja la jarida la Nature la Mei 1954, kwenye makala mbili zilizochapwa pamoja. Moja ilikuwa ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, nyingine ya Hugh Huxley na Jean Hanson. Akina Huxley hao hawana udugu wowote. Wote waliona jambo moja. Nyuzi za ndani ya msuli hazifupiki. Nyuzi nyembamba za aktini huteleza katikati ya nyuzi nene za miosini, na msuli mzima hufupika kwa sababu zimeingiliana zaidi. Miosini ina vichwa vingi vinavyoshika aktini, kuvuta, kuachia na kushika mbele kidogo, kama wavuvi wanavyokokota juya ufukweni, mkono baada ya mkono, wengine wakiachia huku wengine wameshikilia ili kamba isirudi majini. Kila mvuto ni wa sehemu chache tu za milioni za milimita. Kinachovipa vichwa hivyo ruhusa ni kalsiamu. Wimbi la umeme likipita, maghala ya ndani ya seli huimwaga. Inajishikiza kwenye protini iitwayo troponini, ambayo Mjapani Setsuro Ebashi na wenzake waliigundua katika miaka ya 1960, na njia ya vichwa vya miosini hufunguka. Umeme ukikoma, kalsiamu husukumwa kurudi ghalani.

Watu hushangaa wakiambiwa kwamba nishati inahitajika si kwa kuvuta tu bali pia kwa kuachia. Kila kichwa cha miosini kinataka molekuli ya ATP, mbeba nishati wa seli, ndipo kiiachie aktini. Anayekufa hatengenezi ATP tena, kalsiamu inavuja, vichwa vinashika na havina cha kuviachisha. Waosha maiti wanalijua hilo bila kulitaja: taya hufungwa na viungo hunyooshwa mapema, kabla ya saa chache kupita, kwa kuwa baadaye mwili hukakamaa na kukataa. Ukakamavu huo huondoka wenyewe nyuzi zinapoanza kuoza, na ndiyo sababu nyama iliyotundikwa siku chache kwenye ubaridi huwa laini kuliko ya ng'ombe aliyechinjwa asubuhi hiyo.

Kila uzi wa msuli wa mfupa ukiamriwa hujikaza wote, hauna nusu. Upole na nguvu vinatokana na idadi ya nyuzi zilizoitwa na kasi ya kuitwa kwao. Neva moja ya jicho huongoza nyuzi zipatazo kumi tu, ilhali neva moja ya paja huweza kuongoza mamia. Na amri zikifuatana haraka mno, mikazo huungana ikawa mmoja usiokatika. Mwenye pepopunda anaishi ndani ya mkazo huo. Sumu ya kimelea chake haigusi msuli wala pengo. Inapanda hadi uti wa mgongo na kuzinyamazisha neva zilizowekwa kusema "basi".

Mshale wa pili ni wa kwetu. Katika safari ya David Livingstone ya Zambezi, kati ya 1858 na 1864, alikuwamo daktari kijana aitwaye John Kirk. Wenyeji wa bonde la Shire walipaka mishale yao sumu waliyoiita kombe, itokanayo na mbegu za mmea unaotambaa juu ya miti, na Kirk alikusanya kiasi. Sampuli zikakaa pamoja na mswaki wake. Asubuhi moja alipopiga mswaki alisikia uchungu mdomoni, na punde akagundua kwamba mapigo ya moyo wake yamepungua. Mtu mwingine angesukutua tu na kulaani. Kirk alipima mapigo, akaandika, na sampuli zikasafiri hadi Edinburgh kwa Thomas Fraser, yule yule wa mbegu za Calabar. Fraser aliona kwamba sumu hii inakwenda moja kwa moja kwenye moyo. Kirk naye tunamfahamu kwa sababu nyingine: ndiye balozi wa Uingereza Zanzibar aliyemshinikiza Sultani Barghash kutia saini mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa.

Kaskazini zaidi, kuanzia Somalia hadi Tanzania, sumu ya kazi hiyo hutoka kwenye mti uitwao msunguti. Waata wa nyika za Tsavo, mabingwa wa kuwinda tembo, waliipata kwa wapishi wa sumu wa Kigiriama, wakaipaka chini ya ncha ya mshale na kuizungushia ngozi, kwa sababu ikikauka huisha makali. Tembo aliyepigwa barabara hutimua mbio. Miguu haina neno, pumzi haina neno. Anakwenda mpaka moyo unapopoteza mpangilio. Mweke pembeni mwa yule mnyama wa Guyana aliyebanduka mtini moyo wake ukingali unadunda, na utaona kwamba wawindaji wa pande mbili za Atlantiki walikuwa wameshika misuli miwili tofauti.

Mtumiaji mwingine wa msunguti ana miguu minne. Mwaka 2011 kundi la watafiti, akiwamo Jonathan Kingdon aliyezaliwa Tanganyika, lilieleza habari za panya mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki mwenye nywele ndefu nyeusi na nyeupe. Hutafuna gome la msunguti, akachanganya na mate, kisha hujipaka kwenye nywele maalumu za ubavuni ambazo zimejengwa kufyonza maji maji hayo. Mbwa akimng'ata huweza kufa, au huponea chupuchupu na hamgusi tena. Panya mwenyewe hapati dhara.

Kazi ya sumu hiyo imeeleweka vizuri. Kila seli ina pampu inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu. Jens Skou wa Denmark aliieleza mwaka 1957 kwa kutumia neva za kaa. Sumu ya msunguti huizuia pampu hiyo. Sodiamu inajaa ndani, na kwa kuwa seli ya moyo hutegemea tofauti ya sodiamu ili kuitoa kalsiamu, kalsiamu nayo inabaki ndani. Kalsiamu zaidi, mkazo zaidi. Kwa moyo dhaifu, tone la sumu hiyo ni msaada, na ndugu yake wa Ulaya, digoksini, bado inaandikwa na madaktari. Ikizidi, kila seli huanza kupiga kwa ratiba yake na damu haiendi popote.

Moyo una uroho wa kalsiamu ambao msuli wa mfupa hauna. Hilo liligunduliwa mwaka 1883 kwa njia ya ajabu. Sydney Ringer wa London alikuwa akiitunza mioyo ya vyura katika maji ya chumvi nayo ikidunda vizuri, mpaka siku alipotumia maji yaliyokenekwa, ikasimama. Yale ya mwanzo yalikuwa ya bomba, na maji ya bomba ya London yamejaa kalsiamu. Msuli wa mfupa una ghala lake la ndani na hausubiri ya nje. Moyo unataka chembe ya nje iingie kwanza ndipo ghala lifunguke.

Amri je? Hakuna. Moyo wa chura ukitolewa na kuwekwa ndani ya maji ya Ringer unaendelea kudunda mezani, peke yake. Mwaka 1907 Arthur Keith na mwanafunzi wa udaktari Martin Flack waliripoti kwenye moyo wa fuko kifundo kidogo cha seli za pekee, pale mshipa mkuu unapoingilia moyo. Seli hizo hazitulii. Umeme wake hupanda wenyewe hadi kiwango cha kulipuka, hushuka, hupanda tena, na mlipuko huenea kwa majirani kupitia matundu yanayounganisha seli na seli. Mara 100,000 hivi kwa siku. Neva zipo, ila kazi yake ni kuharakisha au kupunguza mwendo tu. Mwaka 1921, mjini Graz, Otto Loewi alichukua maji yaliyozunguka moyo wa chura uliopunguzwa kasi na neva, akayamwaga juu ya moyo wa pili, nao ukapunguza kasi. Kemikali iliyokuwa ndani ya maji hayo ni asetilikolini, ile ile inayoukaza msuli wa mkono. Huku inakaza, kule inatuliza, kwa sababu vipokezi ni vya aina nyingine kabisa. Kurare inazuia vile vya mkono na karibu haivijui vya moyo, na sasa unajua kwa nini moyo wa Wouralia haukusimama.

Jambo moja zaidi kuhusu moyo, maana watu huliuliza: kwa nini haupati pepopunda, wala haukazi ukaganda? Wimbi la umeme kwenye msuli wa mfupa linaisha ndani ya milisekunde chache. Kwenye moyo hudumu zaidi ya milisekunde 200, karibu muda wote wa mkazo, na katika kipindi hicho seli haipokei amri mpya. Inalazimika kulegea kwanza, ndipo damu inapata nafasi ya kujaa.

Msuli laini ndio uliochelewa kuheshimiwa. Hauna mistari ile inayoonekana kwenye steki chini ya hadubini, unavuta polepole, na hautumii troponini. Kalsiamu yake hupitia protini nyingine na kuamsha miosini yenyewe. Faida yake ni kwamba unaweza kukaa umejikaza kwa saa nyingi kwa nishati kidogo. Mishipa yako ya damu iko hivyo sasa hivi unaposoma. Mwenye pumu anajua hasara yake, na kipulizio chake cha salbutamoli ni amri ya kulegea iliyotumwa kwa njia ya hewa.

Msuli laini wenye nguvu kuliko yote ni wa mji wa mimba. Katika miaka ya 1960 daktari wa Norway, Lorents Gran, alikuwa Kongo katika kazi za Msalaba Mwekundu. Aliona kwamba wanawake walipokaribia kujifungua walikunywa maji ya majani ya mmea mdogo uitwao kalata-kalata, yaliyochemshwa, na uchungu ukaja kwa nguvu. Gran hakukipuuza chungu kile. Aliuchukua mmea, akawatafuta wahusika wake, na akakuta kwamba mmoja wao ni protini ndogo. Hapo ndipo pagumu kueleweka: protini nyingi huharibika zikichemshwa, na zikinywewa tumbo huzisaga. Hii ilistahimili yote mawili. Umbo lake lilipojulikana mwaka 1995, ilionekana kuwa ni mduara wa amino asidi 29 usio na mwanzo wala mwisho, uliofungwa fundo kwa viungo vitatu vya salfa. Hakuna ncha ya kimeng'enya kuanzia kutafuna. Na mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba protini nyingine ya mmea huo huo hukaa kwenye kipokezi cha oksitosini.

Oksitosini ndiyo homoni ya uchungu. Henry Dale aliona nguvu zake mwaka 1906, alipompa paka dondoo ya tezi iliyo chini ya ubongo na mji wa mimba ukajikaza. Uchungu unapoanza, kichwa cha mtoto hutanua shingo ya kizazi, taarifa hupanda hadi ubongoni, oksitosini humwagwa, msuli hujikaza zaidi, kichwa hutanua zaidi. Mambo mengi ya mwili yamewekewa breki; hili limewekewa kichocheo, na mwisho wake ni mtoto kutoka.

Lakini kazi kubwa ya msuli huo inakuja baada ya hapo. Kondo likibanduka linaacha mishipa ya damu wazi, na nyuzi za msuli zimepita kati ya mishipa hiyo kwa kukatizana. Zikijikaza, mishipa inabanwa na damu inakoma. Zikikataa, mama anaweza kumaliza damu yake kitandani huku kila mtu anatazama. Shirika la Afya Duniani linashauri vipimo 10 vya oksitosini kwa kila anayejifungua, lakini dawa hiyo inataka kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na friji ya zahanati yenye umeme wa kukatika haiahidi hilo. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa wanawake karibu 30,000 katika nchi kumi, Kenya na Uganda zikiwamo: kabetosini, dawa ya kazi hiyo hiyo iliyotengenezwa isiharibiwe na joto, haikuwa nyuma ya oksitosini katika kuzuia damu kuvuja baada ya uzazi. Naona ni haki kukumbusha kwamba kinywaji cha kuchemsha kilikuwa kimelivuka tatizo la friji zamani, ingawa hakuna aliyeweza kukipima dozi, na uchungu uliozidishwa kiholela huweza kuupasua mji wa mimba.

Mkunga wa zamu, baada ya kuchoma sindano, humpa mtoto titi mapema, kwa kuwa kunyonya nako humwaga oksitosini. Kisha huweka kiganja juu ya tumbo la mama, karibu na kitovu, na kupapasa. Anatafuta kitu kigumu. Akikuta teketeke anasugua kwa duara mpaka kigumu, maana msuli laini hupokea amri hata kwa kuguswa kutoka nje. Ukilegea tena baada ya kusuguliwa, anaongeza dawa na kumwita daktari, na anaendelea kusugua mpaka afike.